Kupanga chumba kidogo cha kulia katika nyumba ya Mwanza

Dainingi nyingi za Mwanza, kuanzia Nyasaka hadi Buhongwa, si chumba bali ni njia. Aliyechora ramani ameiweka katikati ya sebule na jiko, akaipa mlango wa korido ya vyumbani, sinki la kunawia kwenye kona na ukuta mmoja wa kuegeshea friji. Mwenye nyumba naye ananunua meza ya watu sita iliyomvutia dukani. Inaingia kwa shida, na haichukui muda inageuka kuwa mahali pa nguo za kupiga pasi, madaftari ya watoto na chaja za simu. Familia inahamia sebuleni, sahani magotini, macho kwenye televisheni.

Chumba hicho kinaweza kurudishwa kwenye kazi yake hata kama ni cha futi 8 kwa 9. Sharti uanze na watu wanaokula humo kila siku, si na wageni wa Krismasi au Idi. Ukikipanga kwa ajili ya wageni, siku nyingine zote za mwaka mtakuwa mnakwepana na viti vitupu. Wageni nao watapata pao, nitafika huko.

Hatua ya 1: Hesabu watu, kisha shika tepu

Andika majina ya wanaokula nyumbani siku ya kawaida. Kama ni wanne, unapanga dainingi ya wanne.

Pima urefu na upana wa chumba, kimo cha dirisha kutoka sakafuni, mahali zilipo soketi, na nafasi inayochukuliwa na kila mlango ukiwa wazi. Mlango wa friji nao ni mlango, upime.

Kwa ukingo wa meza, mtu mzima anahitaji sm 60. Mtoto anatosheka na sm 45. Usiibane hiyo 60 kwa kudhani utaokoa nafasi, maana mtu anayekula ugali na sato mzima anatumia viwiko, anachambua miba, anamega, anachovya. Kimo cha meza kiwe sm 75 na cha kiti sm 45. Aliyekaa anachukua kama sm 50 kutoka ukingo wa meza kwenda nyuma, na ili ainuke bila kumsumbua jirani anahitaji kama sm 75.

Sasa chukua chaki uichore meza unayoifikiria sakafuni, kwa kipimo chake halisi. Weka viti mahali pake, uache mchoro huo siku mbili tatu, watu wapite, wabebe ndoo, wafungue friji. Kama kila mtu anaikanyaga kona moja ya mchoro, basi kwenye hiyo kona ndipo nyonga zitakapogonga meza.

Hatua ya 2: Maliza unyevu kwanza

Hii inawahusu hasa wenye nyumba za milimani: Mabatini, Igogo, Isamilo, Bugando, na kote ambako ukuta wa nyuma umeegemea mlima. Mwamba wa Mwanza ni granaiti, haunywi maji. Mvua ikinyesha, maji yanateremka juu ya jiwe na kutafuta mwanya, na mara nyingi mwanya wenyewe ni msingi wa nyumba yako. Ndiyo maana rangi ya ukuta wa chini inavimba, inapukutika na kuacha unga mweupe.

Usipake rangi juu ya ukuta wa namna hiyo, itabanduka tena. Anza nje: chimba mfereji nyuma ya nyumba wa kuyakinga maji kabla hayajafika ukutani, na hakikisha maji ya bati hayamwagikii kwenye msingi. Kisha banja lipu iliyooza, uuache ukuta ukauke. Kiangazi cha Juni hadi Septemba ndicho kipindi kizuri cha kazi hii. Baada ya hapo ndipo upige lipu mpya na rangi. Hata ukimaliza, usibananishe kabati la mbao na ukuta huo. Acha sm 5 hewa ipite.

Hatua ya 3: Meza, na kwa nini isikae katikati

Nitakaa hapa zaidi, kwa sababu meza ikikosewa, pazia wala picha haziokoi chumba.

Chukua chumba cha upana wa mita 2.4, ambacho ndicho futi 8. Weka meza ya sm 75 kwa 120 katikati yake. Kila upande zimebaki sm 82. Watu wakikaa pande zote mbili, kila mmoja anachukua 50, na nyuma yake zinabaki sm 32. Hapiti mtu. Anayetoka jikoni na sufuria ya mchuzi itabidi asubiri mtu ainuke.

Sasa isogeze meza hiyo hiyo ukutani, na ukutani uweke benchi badala ya viti. Benchi lina kina cha sm 45, na meza inaingia juu yake kama sm 10. Kutoka ukutani hadi ukingo wa mbele wa meza ni sm 110. Zimebaki 130. Aliyekaa kwenye kiti upande wa mbele anachukua 50, na nyuma yake inabaki njia ya sm 80. Mtu anapita na sinia bila kuomba radhi. Chumba hakijaongezeka hata inchi moja.

Benchi lenyewe mpe seremala wa mtaani kwako. Urefu wa sm 120 unakaa watu wazima wawili. Mwambie alifanye sanduku, lenye mfuniko wa bawaba, ndani zikae sahani za wageni, masinia na mkeka. Atoboe matundu ya hewa nyuma na ubavuni, ayazibe kwa wavu mwembamba. Sanduku lisilopumua litanuka uvundo msimu wa mvua, na lenye matundu yasiyo na wavu litakuwa nyumba ya mende. Mto wa kukalia uwe na foronya ya zipu ili ifuliwe.

Kwa kuwa watu wataingia kwenye benchi kwa kuteleza ubavuni, miguu ya meza isiwe kwenye pembe kabisa. Iingizwe ndani kidogo, au meza iwe na mguu mmoja mnene wa katikati wenye kitako kipana. Mbao ya mninga ni nzuri na haichezichezi sana, lakini bei yake inajulikana. Mbao ya paina iliyokauka vizuri, ikapigwa msasa na kupakwa vanishi mara tatu, inafaa sana kwa meza ya nyumbani. Neno la kumbana nalo fundi ni hilo la kukauka. Mbao mbichi itapinda na kuachia mianya kiangazi kikiingia, na chembe za ugali zitajaa humo.

Kama dainingi yako ni ya mraba na ina milango mitatu, achana na benchi utafute meza ya duara yenye kipenyo cha sm 100. Inakaa watu wanne vizuri na haina pembe za kumgonga mtu anayekatiza.

Meza za kioo sizipendekezi kwenye nyumba yenye watoto. Kweli zinafanya chumba kionekane chepesi, lakini kila kidole kinaonekana, kila sahani inapiga kelele, na mama anaishia kufuta kutwa nzima. Viti vipana vyenye migongo mirefu na sponji nene pia viache dukani. Chukua viti visivyo na mikono, ambavyo vikisukumwa vinaingia chini ya meza mpaka mgongo uguse ukingo.

Na wewe uliyepanga chumba na sebule usiseme mwongozo huu haukuhusu. Meza ya kukunja ukutani yenye sm 60 kwa 100 inatosha watu wawili hadi watatu. Inashikwa na bawaba nzito upande wa ukuta na mabano ya kukunja chini yake, na mkimaliza kula inateremka. Ukuta wa tofali za saruji unashika vizuri rolplagi, vile vishikizo vya skrubu vinavyoingizwa kwenye tundu la ukuta. Kama ni tofali za kuchoma na lipu laini, funga kwanza ubao mrefu ukutani kwa skrubu nyingi ndefu, kisha meza ishikiliwe na huo ubao. Zungumza na mwenye nyumba kabla ya kutoboa.

Hatua ya 4: Hotpoti na maji ya kunawa

Picha nyingi za mapambo ya dainingi zinaonyesha meza yenye chombo cha maua katikati na sahani nne. Chakula chetu hakiji hivyo. Inakuja hotpoti ya ugali au wali, bakuli la samaki, bakuli la mlenda au mchicha, jagi la maji, pilipili, ndimu, na sahani ya kuwekea miba. Katikati ya meza pamejaa kabla mtu hajakaa.

Dawa yake ni rafu ukutani. Ubao wa kina cha sm 30 na urefu wa mita moja, ukifungwa kwenye kimo cha sm 90 karibu na mlango wa jiko, unabeba hotpoti zote. Mnapakua pale, mezani zinabaki sahani, maji na viungo. Kina cha sm 30 hakizibi njia, na chini yake unasukuma stuli mbili. Kabati kubwa la kioo la kuonyesha vyombo ndilo ninaloliondoa kwanza kwenye dainingi ndogo, hata kama ni zawadi ya harusi. Lipeleke sebuleni au koridoni. Linakula nusu mita ya chumba ili kuhifadhi vikombe vinavyotumika mara moja kwa mwaka.

Kunawa nako kunataka nafasi yake. Kama kuna sinki kwenye kona, liache huru: mraba wa kama sm 70 mbele yake usiwe na kiti, maana watu watapanga foleni hapo kabla na baada ya kula. Bandika marumaru nyuma yake hadi sm 50 juu ya ukingo, weka kulabu ya taulo na kirafu cha sabuni, basi. Kama hakuna sinki, ndoo yenye koki juu ya stuli ndefu na beseni chini yake inatosha. Iweke mlangoni unapoingilia na si nyuma ya mtu anayekula. Na pale ambapo bado mtoto anawanawisha wazee kwa jagi na beseni, jambo ninaloliheshimu sana, hakikisha anaweza kumfikia babu alipokaa. Kwa hiyo babu asikae kwenye benchi la ukutani. Mpe kiti cha mbele.

Hatua ya 5: Dirisha, jua na wadudu wa ziwani

Mji wetu uko upande wa mashariki wa Ghuba ya Mwanza, kwa hiyo dirisha linalotazama ziwa mara nyingi linatazama magharibi pia. Mchana upepo unatoka ziwani na kuingia ndani, na hiyo ni neema. Lakini kuanzia saa tisa alasiri jua linaingia humo humo, likizidi kushuka, likichoma na kuumiza macho.

Weka pazia la tabaka mbili: shela nyepesi inayokaa siku nzima, na kitambaa kizito kidogo cha kuvutwa alasiri. Fimbo ifungwe sm 15 juu ya dirisha na ipite sm 15 hadi 20 kila upande, ili pazia likifunguliwa likae ukutani na kioo chote kibaki wazi. Dirisha litaonekana kubwa kuliko lilivyo. Ila kama meza iko chini ya dirisha, pazia liishie kwenye kizingiti cha dirisha. Upepo wa ziwa unarusha pazia refu mpaka kwenye mchuzi. Vitambaa vizuri vya mapazia vinapatikana Mlango Mmoja kwa wauza mitumba. Nenda asubuhi, na uende na vipimo vyako mfukoni.

Kisha wadudu wa ziwani, wale wanaopanda kama wingu kutoka majini na jioni wanafuata taa. Wakazi wa Kirumba na Igombe wanajua sahani ya wali inavyogeuka wakiingia. Wavu wa kawaida wa mbu hauwazuii wote, kwa hiyo tafuta wavu wenye matundu madogo zaidi, ukazwe kwenye fremu bila mwanya pembeni. Siku wanapotoka kwa wingi, zima taa za nje za upande wa ziwa na ufunge dirisha kabla giza halijaingia. Balbu yenye mwanga wa manjano inawavuta kidogo kuliko ile nyeupe ya samawati.

Suala la harufu nalo liko hapa. Nyumba inayokaanga sato na sangara kila wiki haifai kuwa na zulia dainingini wala mapazia ya velveti, kwa sababu vitambaa vizito vinanyonya mvuke wa mafuta na kuutunza. Sakafu ibaki marumaru au saruji iliyosuguliwa vizuri. Mtu akisafisha dagaa au furu, asifanyie mezani pa kulia, hata kama meza ndiyo pekee.

Hatua ya 6: Rangi na ukuta

Rangi nyepesi inarudisha mwanga na kukipa chumba pumzi, hilo linajulikana. Ninaloongeza ni kwamba nyeupe kabisa kwenye chumba chenye jua la magharibi inachosha macho. Chagua krimu, au kijivu chepesi chenye joto kidogo, mfano wa miamba ya mji wetu inapopigwa na jua la asubuhi. Ukuta mmoja tu, ule wa nyuma ya benchi, unaweza kubeba rangi iliyokolea: kijani cha majani makavu au udongo mwekundu. Zaidi ya ukuta mmoja, chumba kinasogea ndani.

Tumia rangi inayofutika kwa kitambaa chenye sabuni. Mikono ya watoto na migongo ya viti itagusa ukuta kila siku. Pima mgongo wa kiti chako unapogusa ukuta, kisha funga hapo ubao mwembamba wa upana wa sm 10 uliopakwa vanishi. Unalinda rangi na unapendeza.

Hatua ya 7: Taa

Taa moja nyeupe katikati ya dari inafanya chakula kionekane kimekufa. Shusha taa juu ya meza, chini ya kivuli chake pabaki sm 75 hadi meza, na uweke balbu ya mwanga wa joto, ile ambayo boksi lake limeandikwa 2700K au 3000K. Meza ikiwa imesogezwa ukutani, waya wa darini hautakuwa juu yake. Fundi umeme aongeze waya na kuuning'iniza kwenye kulabu juu ya meza. Kama dari ni jipsamu, kulabu ishike kwenye mbao iliyo juu yake, kwani jipsamu peke yake itaachia.

Panapokuwa na feni ya dari, taa isikae juu ya mapanga yake, maana mwanga utacheza mezani na kumpa mtu kizunguzungu. Funga taa ukutani badala yake. Balbu moja ya kuchaji kwenye chumba hiki ni lazima, umeme usikatike katikati ya mlo mkaanza kupapasa miba gizani.

Hatua ya 8: Mapambo

Kidogo, na kiwe cha kazi. Kawa la ukindu lililosukwa kwa rangi linatundikwa ukutani na kushushwa kufunika chakula. Vikapu viwili vitatu vya kusuka vikiwa juu ya benchi vinajaza ukuta bila kuchukua nafasi ya sakafu. Anayetaka mawazo ya asili ya kwetu aende Makumbusho ya Kisukuma pale Bujora, Kisesa, aangalie vigoda, ngoma na vyombo vya zamani, ajionee maumbo yanayoweza kuigwa na seremala wake. Kigoda cha kuchonga kinakaa chini ya rafu na kuwa kiti siku ya mgeni.

Kioo kikubwa kinasaidia, lakini kisitazamane na dirisha la magharibi. Kiweke kwenye ukuta wa pembeni, kianzie juu ya vichwa vya waliokaa, kwani watu wengi hawapendi kujitazama wakitafuna. Maua ya plastiki yanakusanya vumbi na mafuta. Chupa yenye tawi bichi inatosha, na ikibidi inaondoka mezani.

Wageni wakija

Ndugu wakivuka kutoka Ukerewe au Sengerema wakajaa nyumba, usijaribu kuwabana wote mezani. Wazee wakae mezani, benchi lijae vijana, na mkeka ulio ndani ya sanduku utandikwe sebuleni kwa watoto na wenye kupenda kula sinia moja. Viti vya plastiki vinavyopandana vikae stoo au nyuma ya mlango wa chumba cha kulala. Kwenye rafu ya hotpoti kila mtu anajipakulia, foleni inaingia kwa mlango wa sebule na kutokea ule wa korido.

Kama fedha ni kidogo, fuata mpangilio huu: tengeneza ukuta wenye unyevu, funga wavu wa dirisha, kisha benchi, rafu, balbu, na rangi mwishoni. Meza ya zamani usiiuze kwanza. Ikiwa ni ndefu mno na mbao yake ni nzima, seremala anaweza kuikata ibaki sm 120 na kuirudisha miguu yake, na kipande kilichobaki, kikiwa na urefu wa kutosha, kikawa ndiyo rafu ya hotpoti.